Kiti cha Nyanya: Nyumba ya Kikristo katika Rosa Mistika na Nitaolewa Nikipenda

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuzungumzia Ukristo kana kwamba ni kitu kinachokaa nje ya nyumba: kanisani, misheni, shule ya bweni, au afisi ya bwana mkubwa. Mhakiki aliyefunzwa katika miongo ya 1970 na 1980, Umaksi ulipokuwa umeshika hatamu katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, hana shida kuonyesha kwamba dini katika kazi za Ngugi wa Thiong'o ni kasumba ya kuwalaza wanyonge, wala kwamba katika riwaya za mwanzo za Euphrase Kezilahabi ni gamba lililovaliwa juu ya utupu. Ushahidi upo tele. Hata hivyo, usomaji wa aina hii unaruka kizingiti. Katika kazi hizohizo, imani haijadiliwi sana kanisani. Inatendeka jikoni na sebuleni, baina ya baba na binti, baina ya mke na mume, wakati wa kula na wakati wa kupigwa fimbo. Ukumbi wake hasa ni nyumba. Na nyumba hiyo, ikitazamwa vizuri, ina upungufu wa ajabu ambao haujapewa uzito unaostahili: haina nyanya.

Dai la makala haya ni kwamba upungufu huo si ajali. Nyumba ya Kikristo katika Rosa Mistika (1971) na katika Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Kikikuyu Ngaahika Ndeenda, imejengwa kwa vizazi viwili tu, wazazi na watoto. Kukosekana kwa kizazi cha tatu ndiko kunakoifanya imani iwe ama fimbo ama pambo la ukutani.

Ni vyema kwanza kukumbuka kazi ya nyanya katika nyumba ya Kiafrika, kwa kuwa ni kazi mahususi wala si hisia za kumtamani mtu wa zamani. Katika jamii nyingi za Kibantu, Waswahili wenyewe wakiwemo, uhusiano wa mzazi na mwanawe ni wa heshima na haya, ilhali ule wa nyanya na mjukuu ni wa utani. Nyanya humwita mjukuu wa kiume mume wake, na wa kike humwita mke mwenza. Utani huo si mzaha mtupu. Ni mfereji ambamo hupitishwa yale yasiyoweza kusemwa na mama mbele ya binti yake bila ya kuvunja mpaka wa haya: mwili, mapenzi, hedhi, ndoa, uzazi. Nyanya vilevile ni mahakama ya rufani. Mtoto anayekimbia kiboko hukimbilia kwake, na mwana mwenye hasira akifika mlangoni hapo hulazimika kuishusha fimbo, kwa kuwa aliyemo ndani ndiye aliyemzaa yeye. Tena nyanya ni jina. Kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama, hata nyumba ikawa inarudi yenyewe kila baada ya kizazi.

Sasa na itazamwe nyumba ya Zakaria na Regina kisiwani Ukerewe. Jambo la kwanza linalomgonga msomaji wa Rosa Mistika ni majina. Rosa, Flora, Honorata, Stella, Sperantia, Emmanuel: watoto sita, na takribani majina yote yametoka katika Kilatini cha Kanisa. Jina la kitabu lenyewe ni mojawapo ya sifa anazoitwa Bikira Maria katika litania yake, na la mama, Regina, ni la malkia yuleyule. Mwandishi aliyezaliwa katika kisiwa hicho mwaka 1944 na kusomea seminari hakuyaokota majina haya njiani. Nyumba imebatizwa kuanzia mlangoni hadi kitandani. Mtu anayeishi ndani yake hawezi kuitwa kwa kuitazama sura ya mfu yeyote wa ukoo. Ua, nyota, matumaini, heshima: ni majina ya fadhila, si majina ya watu.

Kejeli iliyopo kati ya jina la Rosa na maisha yake imetajwa mara nyingi, na haihitaji kurudiwa. Lililo na uzito zaidi ni namna kejeli hiyo inavyopangwa ndani ya nyumba. Zakaria ni mlevi. Hana mamlaka ya mfano, wala hana mamlaka ya mali, kwani anayeilisha familia ni Regina. Kilichobaki mkononi mwake ni kiboko, na kiboko hicho anakitumia kulinda kitu kimoja tu, yaani usafi wa binti. Barua ya Charles inapoingia mikononi mwake, Rosa anapigwa vibaya. Hapo ndipo mhakiki anapofaa kutulia kidogo. Baba amesema, ingawa amesema kwa fimbo. Mama, ambaye ndiye Mkristo wa kweli wa nyumba hii, anateseka na kusali, lakini hasemi. Hawezi kusema. Haya baina ya mama na binti inamfunga kinywa, na dini imeongeza kufuli juu ya haya hiyo kwa kuufanya mwili wenyewe kuwa jambo la kuungama badala ya jambo la kufunzwa. Rosa anaingia shule ya wasichana inayoendeshwa na masista akiwa na hofu tu. Hana ujuzi. Na katika riwaya hii hofu isiyo na ujuzi haidumu. Siku inapovunjika, inavunjika yote: wanaume, mimba zinazotolewa, uchumba unaokatika mchumba anapong'amua maisha ya nyuma ya bibi arusi wake, kisha kujiua.

Wahakiki wamelaumu malezi ya Zakaria, nao wana haki. Wengine wamelaumu unafiki wa jamii inayodai ubikira kwa mwanamke na kumsamehe mwanamume. Nao pia wana haki. Lakini lawama zote mbili zinachukulia kwamba nyumba ilikuwa imekamilika na kwamba aliyekosea ni mtu fulani ndani yake. Haikukamilika. Kati ya Rosa anayepigwa na Rosa anayejiua hakuna mlango hata mmoja wa nyumba nyingine ambao angeubisha usiku. Hakuna kitanda cha nyanya cha kulalia siku tatu mpaka hasira za baba zipoe. Hakuna mzee wa kumwambia, kwa utani, kwamba mvulana kuandika barua si mwisho wa dunia.

Msomaji anaweza kupinga kwamba riwaya si sensa, na kwamba mwandishi halazimiki kuwajaza ukoo mzima ndani ya kurasa zake. Ni kweli. Ila mtunzi wa tanzia hufunga milango kwa makusudi, na mlango aliouacha bila hata kuuchora hueleza mengi kuliko ule alioufunga kwa kishindo. Isitoshe, Kezilahabi mwenyewe anautoa ushahidi katika hitimisho la riwaya, pale baba na binti wanapokutana mbele ya Mungu na kuanza kutupiana lawama. Onyesho hilo limewasumbua wasomaji wengi. Kuna walioliona kuwa ni dosari ya kifani, kwani riwaya ya kihalisia inapaa ghafla mbinguni, na kwa viwango vya uhalisia mkavu hawakukosea. Lakini likisomwa kwa jicho la ukoo, linakaa mahali pake sawasawa. Kesi ya nani aliyemharibu nani, baba au binti, ni kesi ya kawaida kabisa, ya aina inayosikizwa kila wiki mbele ya wazee. Katika nyumba hii hapakuwapo mzee wa kuisikiza. Ndiyo maana imebidi ipelekwe kwa Mungu, tena baada ya mauti. Mungu wa Rosa Mistika amepewa kazi ya nyanya, na amepewa akiwa amechelewa.

Kwa njia hii hata mjadala wa zamani juu ya maadili ya riwaya, uliosababisha izuiliwe shuleni Tanzania kwa muda, unapata sura nyingine. Waliohofia kwamba kitabu kinasema mno kuhusu mwili walikuwa wakiitetea, bila ya kujua, ile nyumba isiyosema kitu.

Katika Nitaolewa Nikipenda mambo yanageuka, kwa kuwa huku kizazi cha tatu kipo, ila hakina mwili. Historia ya tamthilia inajulikana vyema: iliandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii, ikaigizwa na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, ikapigwa marufuku mwaka huohuo, na Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba. Historia hiyo tukufu ndiyo iliyoifunika tamthilia yenyewe. Imesomwa kama tendo la kisiasa hata ikasahaulika kwamba, kwa umbo, ni tamthilia ya chumba kimoja na ukuta mmoja.

Ukutani mwa Kiguunda na Wangeci pametundikwa hatimiliki ya shamba la ekari moja na nusu. Ukutani mwa Ahab Kioi, tajiri mcha Mungu, pametundikwa ubao unaomtangaza Kristo kuwa ndiye mkuu wa nyumba, mgeni asiyeonekana mezani. Ni ubao ambao Mkenya yeyote aliyepata kukaribishwa chai katika nyumba ya Mkristo anaufahamu. Mwendo mzima wa tamthilia ni safari ya ubao huu kutoka ukuta wa Kioi hadi ukuta wa Kiguunda. Kioi anafika na mkewe Jezebel na marafiki zao kuwashawishi wenyeji wao kwamba wanaishi katika dhambi, kwa sababu hawakufunga ndoa kanisani. Wanashawishika. Hatimiliki inashuka ukutani, inapelekwa benki kuwa dhamana ya mkopo wa arusi, na shamba linapotea kwa mnada, likimwendea Kioi yuleyule.

Hadi hapo uhakiki wa kitabaka unatosha, na tamthilia imejieleza waziwazi mno, pengine waziwazi kuliko inavyofaa sanaa ya jukwaani. Hotuba za Gicaamba, jirani mfanyakazi wa kiwandani, zina ukweli mwingi, lakini aghalabu zinamwachia mtazamaji kazi ya kuitikia tu. Utajiri wa tamthilia uko kwingine, katika mkanganyo wa vizazi. Kiguunda na Wangeci wanadhani Kioi anakuja kuposa. Kijana wake, John Muhuuni, anatembea na binti yao Gathoni, kwa hiyo ni jambo la mantiki kabisa. Kumbe posa iliyoletwa si ya binti. Ni ya wazazi. Wao ndio wanaotakiwa kuolewa. Mama aliyezaa na kulea anajaribishiwa shela. Baba aliyepigania ardhi anafunzwa jinsi ya kumshika mkewe mkono. Wanapewa majina mapya, Winston Smith na Rosemary Magdalene, wakati binti aliyefikia umri wa kuolewa anarudi nyumbani na mimba iliyokataliwa. Vizazi vimebadilishana viti. Wazazi wamekuwa maharusi, na binti amekuwa mama kabla ya wakati wake, bila mume, na mwisho wake ni kuhudumu katika baa.

Na itafakariwe kile ambacho kingeiharibu hila ya Kioi tangu tendo la kwanza. Si hotuba ya Gicaamba. Ni ajuza mmoja aliyeketi karibu na meko, mama mzazi wa Kiguunda, ambaye mahari ilitoka zizini mwake na aliyekula mbuzi wa Ngurario. Yeye ni shahidi. Uhai wake ni cheti cha ndoa. Mbele yake, neno la Kioi kwamba watu hawa hawajaoana lingekuwa tusi kwa mama wa mwenye nyumba, na Kiguunda asingeweza kulinyamazia. Tamthilia ilihitaji awe hayupo, au haingeweza kuendelea. Lakini watunzi walijua vilevile kwamba bila ushahidi wake mtazamaji hangekuwa na kitu cha kupimia hasara. Kwa hiyo wamemrudisha kwa njia nyingine. Arusi ya jadi inaigizwa na kuimbwa jukwaani, kwa majibizano ya Gitiiro, nyimbo ambazo wazee wa Kamiriithu wenyewe ndio waliokuwa hazina yake wakati wa mazoezi. Nyanya amefukuzwa kutoka katika orodha ya wahusika, akaingia kupitia wimbo. Yupo pia katika jina. Ikiwa desturi ya Wakikuyu inafuatwa, Gathoni, binti pekee tunayemwona katika nyumba hiyo, ndiye mama wa Kiguunda aliyerudi. Mtazamaji wa Limuru hakuhitaji kuelezwa hilo. Kwa hiyo baba anayepokea jina la Winston Smith huku Gathoni akipotelea baani ameipoteza nyumba yake kwa pande mbili, mbele na nyuma, kabla dalali hajafika.

Linganisho fupi na Njia Panda, yaani The River Between ya mwaka 1965 katika Kiswahili, linaitia nguvu hoja. Nyumba ya Joshua kule Makuyu ni ya vizazi viwili, baba mhubiri, Miriamu anayetii kwa nje, na mabinti Muthoni na Nyambura. Muthoni anapotaka kutahiriwa bila kuacha kuwa Mkristo, hamkimbilii nyanya, hayupo. Anavuka kwenda Kameno kwa shangazi yake. Shangazi anaweza kumpa tohara. Hawezi kumpatanisha na baba. Muthoni anafia Siriana akiwa na imani zote mbili mikononi, na hapana mtu wa makamo ya kutosha kuzipokea.

Hapa inafaa kuangalia pwani, kwa kuwa Kiswahili chenyewe hakikukosa sauti ya mwanamke mzee inayofunza dini ndani ya nyumba. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni mausia ya mama anayeugua kwa binti yake, na ndani yake ibada, adabu, mapambo ya mwili na namna ya kuishi na mume vimefungwa katika kitita kimoja. Waweza kuupinga utiifu unaohimizwa humo, na wahakiki wanawake wameupinga kwa hoja nzito. Lakini hauna kigugumizi. Ni dini iliyokwisha kulala ndani ya nyumba kwa vizazi vingi hata ikajua kuzungumzia marashi na uradi kwa pumzi moja. Ukristo wa bara katika riwaya ya Kiswahili ulikuwa bado mgeni. Ulikuwa na baba na mama tu. Haukuwa na umri wa kupata nyanya.

Na hili, zaidi ya ukoloni au unafiki, ndilo linaloeleza ukali wake. Biblia yenyewe haina upungufu huo. Katika barua ya pili kwa Timotheo, Paulo anaifuata imani ya kijana huyo kwa kupitia ukoo wa kike, akimtaja nyanya Loisi kwanza na mama Eunike baadaye, na hamtaji baba. Zakaria na Joshua wangeisoma aya hiyo bila kuitambua nyumba inayozungumziwa.

Kazi iliyojaribu kukijaza kiti hiki haikuandikwa kwa Kiswahili. Ni The River and the Source (1994) ya daktari Margaret Ogola, iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta na ambayo wanafunzi wa sekondari nchini Kenya waliisoma kwa miaka mingi. Huku imani inaingia kwa mwelekeo ambao Ngugi na Kezilahabi hawakuuwazia. Nyabera, mjane aliyechoshwa na kurithiwa, anaikimbilia misheni ya Aluor, kisha mamaye, Akoko mkuu, anamfuata. Binti ndiye anayemleta mama. Chini ya paa la misheni wanaishi Akoko, Nyabera na mjukuu Awiti, na nyumba hii ya Kikristo ina vizazi vitatu vilivyo hai na vinavyozungumza. Akoko habatizwi ili aache kuwa Akoko. Ujasiri aliokuwa nao alipokwenda Kisumu kuidai haki ya mjukuu wake mbele ya mzungu unabaki vilevile baada ya maji ya ubatizo, na Awiti anaurithi pamoja na rozari.

Je, maridhiano hayo hayakupatikana kwa bei nafuu mno? Yamepatikana hivyo, kwa kiasi. Ogola anapita haraka juu ya kile ambacho ajuza wa hadhi ya Akoko angelazimika kukiacha, na dini ya Waluo inasalimu amri karibu bila neno. Msomaji anayetoka kwa Muthoni atahisi kwamba damu imefutwa sakafuni kabla ya wageni kufika. Nyumba tupu ya Kezilahabi ina uaminifu wake ambao nyumba hii iliyojaa haina.

Lakini riwaya hiyohiyo, kwa mbali, inakiri tatizo. Awiti, sasa Elizabeth, mwalimu na mke wa Mark Sigu, anajenga nyumba ya baba, mama na watoto. Ni nyumba safi, ya sala na ya elimu. Humo wanakulia pacha wawili, Vera na Becky. Vera anaishika imani kwa ukamilifu. Becky, mrembo, anakuwa mhudumu wa ndege, anajitenga, anafariki kwa ukimwi, na watoto wake wanalelewa na kaka yake Aoro na mkewe Wandia. Kati ya Elizabeth na Becky kuna ukimya ambao msomaji wa Rosa Mistika anautambua mara moja, ingawa hapa hakuna mlevi wala kiboko, na mama ni mwema kupita kiasi. Elizabeth anasali kama Regina alivyosali. Akoko, ambaye angeweza kumwita Becky mke mwenza na kumuuliza kwa kicheko anatoka wapi usiku huu, alikuwa amekwisha kuzikwa kabla binti huyo hajazaliwa.